Hesabu ya Kusoma Mbio

KALAMU YA KIVU
Na Issa Hakizimana, Gisenyi

Miongoni mwa bidhaa zinazouzwa kwa waajiri wa zama zetu iko moja isiyopita forodhani wala kulipiwa ushuru, nayo ni ahadi: kwamba mfanyakazi aliyezoea kusoma waraka kwa dakika kumi aweza, baada ya mafunzo ya siku chache, kuusoma kwa dakika tatu na kuufahamu vilevile, na kwamba idara au kampuni itakayowapeleka makarani wake mafunzoni itavuna tija maradufu. Ahadi hiyo yavutia sana katika nchi kama yetu ya Rwanda, ambako tangu 2006 viongozi wa wilaya hutia saini mikataba ya imihigo na kupimwa kwa matokeo, na ambako tangu Januari 2023 saa rasmi za kazi zimewekwa kuwa tangu saa tatu asubuhi hadi saa kumi na moja jioni, hata kila dakika ikawa na mwenyewe. Haishangazi, basi, meneja mwenye meza iliyojaa karatasi akiitamani. Ila kabla hajatoa fedha yampasa apige hesabu, na safu ya juma hili yakusudia kumsaidia kuipiga.

Methali hazitatukatia shauri, kwa kuwa wahenga walimwachia mwenye haraka methali zake na mwenye pole zake, na kila mmoja hutoka barazani akijiona ameshinda. Tutazame asili ya biashara yenyewe. Ilipata sifa Marekani, pale Evelyn Wood, mwalimu wa shule kutoka jimbo la Utah, alipoanza mwaka 1959 mjini Washington kuwafundisha watu kupitisha mkono juu ya ukurasa na kuufuata kwa macho. Katika siku hizo Rais John Kennedy alisifiwa kuwa asoma maneno 1,200 kwa dakika, na wakubwa wa serikali wasingependa kuachwa nyuma na mkubwa wao. Maseneta wakaingia darasani, na mwaka 1977 hata Rais Jimmy Carter akajifunza elimu hiyo akiwa Ikulu. Jambo likishafanywa na marais halihitaji tena ushahidi machoni pa watu wengi, na hivyo ndivyo lilivyoenea hadi kwenye ofisi za mabara mengine.

Ushahidi, hata hivyo, upo, nao haukubaliani na matangazo. Tangu siku za Émile Javal, tabibu wa macho wa Ufaransa aliyeandika juu ya jambo hili mwishoni mwa miaka ya 1870, imejulikana kuwa jicho la msomaji halitelezi juu ya mstari, bali huruka na kutua, likaruka tena na kutua tena, na ni wakati wa kutua, ambao ni takriban robo ya sekunde, ndipo maneno husomeka. Sehemu ya jicho ionayo herufi kwa ubayana ni ndogo mno, hata mtu adaiye kuuona ukurasa mzima kwa kutupa jicho mara moja adai jambo ambalo jicho la mwanadamu halikujaaliwa. Marc Brysbaert wa Ubelgiji, alipokusanya mwaka 2019 matokeo ya tafiti 190, alikuta kuwa mtu mzima asomaye Kiingereza kimyakimya husoma kwa wastani maneno 238 kwa dakika katika maandishi yasiyo ya hadithi. Na makala ya Keith Rayner na wenziwe wanne, iliyochapishwa mwaka 2016 baada ya kupitia ushahidi wa miongo mingi, ilihitimisha kwamba kasi iliyoongezwa kwa mafunzo ya kusoma mbio hulipiwa kwa ufahamu.

Fauka ya hayo, utafiti wa mwaka 2014 uliofanywa katika Chuo Kikuu cha California, San Diego, ulionyesha kuwa msomaji akizuiwa kuyarudia maneno aliyokwisha kuyapita, ufahamu wake hupungua. Ilhali huko kurudi nyuma ndiko ambako walimu wa kusoma mbio hukukataza kwanza, wakikuita uvivu wa macho. Huko Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon nako, Marcel Just na Patricia Carpenter waliwapima wahitimu wa mafunzo hayo pamoja na watu waliokuwa wakipitia maandishi juu juu tu, wakaona kuwa katika maandishi magumu wahitimu hawakuwashinda wapitiaji, na makundi yote mawili yaliachwa nyuma kwa ufahamu na msomaji wa kawaida asiyefundishwa neno.

Sasa tupige hesabu yetu. Tujaalie karani apokea kila siku nyaraka kumi, kila mmoja wa maneno elfu moja. Kwa mwendo wa wastani waraka mmoja wamchukua dakika nne na ziada kidogo. Akiuzidisha mwendo mara mbili aokoa katika nyaraka zote kumi dakika zipatazo ishirini na moja kwa siku. Faida hiyo si haba, wala siidharau. Lakini tuitie katika mizani pamoja na kazi ya mji wetu, ambao uhai wake ni mpaka. Pale Petite Barrière, ambapo wachuuzi kwa maelfu, wengi wao wanawake, wamezoea kuvuka baina yetu na mji wa Goma wa Kongo wakiwa na nyanya, kabichi, maharage na maziwa, karatasi zisomwazo si hadithi za kujiburudisha. Ni orodha za bidhaa, hati za asili ya bidhaa kwa utaratibu wa soko la pamoja la COMESA kwa wafanyabiashara wadogo, masharti ya afya na viwango vya ushuru. Uzito wa maandishi ya namna hiyo haumo katika maneno makubwa ambayo jicho la mbio huyadaka, bali umo katika vijineno kama "isipokuwa", "kabla ya" na "wala", ambavyo jicho hilo huviruka. Karani akikosa kimoja, mama mwenye tenga hurudishwa, bidhaa zake zikaharibika juani, msimamizi akaitwa, hati ikaandikwa upya, na dakika ishirini na moja zikamezwa na ghalati moja ya asubuhi.

Insafu yataka niseme pia kwamba si kila kisomwacho chastahili kusomwa chote. Mkuu wa idara apataye taarifa nyingi kwa siku, fauka ya ujumbe wa makundi ya WhatsApp yasiyonyamaza, hana budi kujua kutazama vichwa vya habari, kuanza na hitimisho, na kutenga cha kusoma kwa makini na cha kuacha. Huo ni ustadi wa kweli na waweza kufundishwa. Lakini ni ustadi wa kuchagua, na mtu auitaye kusoma mbio amekosea jina. Anayechagua ajua kwamba hakuyasoma aliyoyaacha, naye akiulizwa atayarejea. Anayesoma mbio adhani ameyasoma yote, na dhana hiyo ndiyo hatari ofisini, kwa kuwa hutia saini.

Wepesi halisi wa kusoma watoka wapi, basi? Watoka katika maarifa ya lugha na ya jambo linalosomwa. Hapa Rwanda hoja hii yatuhusu kuliko majirani wengi, kwani mwezi wa Oktoba 2008 serikali iliamua kuondoa Kifaransa na kuweka Kiingereza kuwa lugha ya kufundishia, na kwa sababu hiyo wengi wa makarani waliopita umri wa miaka arobaini walipata elimu yao kwa Kifaransa, huzungumza Kinyarwanda nyumbani, na hupokea nyaraka kwa Kiingereza. Mtu huyo asomapo polepole, kosa si la macho yake. Kumfundisha kukimbiza macho juu ya lugha asiyoimudu vema ni sawa na kumhimiza mpiga kasia avute kwa nguvu ilhali mtumbwi unavuja. Mpe mwaka mmoja wa kujifunza Kiingereza cha kazi yake, mpe na muda wa kuzijua sheria za idara yake, nawe utaona mwendo wake wa kusoma ukipanda wenyewe, na ufahamu ukipanda pamoja nao.

Na iko nusu ya pili ya jambo hili, ambayo wauzaji wa mafunzo hawaigusi kwa kuwa haiuziki: waraka una wasomaji kwa mamia, lakini mwandishi wake ni mmoja. Tarehe 9 Agosti 1940, wakati ndege za Ujerumani zikiishambulia Uingereza, Waziri Mkuu Winston Churchill, ambaye kama yuko mtu aliyekuwa na haki ya kuwaharakisha wengine ni yeye, aliiandikia serikali yake waraka wa ukurasa mmoja. Hakuwaamuru wasomaji wasome upesi zaidi. Aliwaamuru waandishi wafupishe taarifa zao, waweke hoja kuu katika aya fupi, na maelezo marefu wayapeleke katika nyongeza. Mwandishi mmoja akitumia nusu saa kuupunguza waraka kutoka kurasa nne kuwa mmoja, aliowaokolea muda ni wote watakaousoma, tena bila ya yeyote kupoteza ufahamu.

Kwa hiyo hukumu yangu ni hii: mafunzo ya kusoma mbio hayaongezi tija katika ofisi zetu, na fedha yake ina matumizi bora. Nawasihi wakuu wa ofisi na makampuni ya wilaya yetu ya Rubavu wafanye mambo matatu: wawalipie wafanyakazi masomo ya lugha ya nyaraka zao, waweke kanuni kwamba waraka wa ndani usizidi ukurasa mmoja ila kwa sababu, na matangazo ya mpakani wayaandike pia kwa Kiswahili, ambacho tangu 2017 ni lugha rasmi ya nchi hii na ambacho mchuuzi wa Goma na karani wa Gisenyi hukisoma pasi na mkalimani. Wakishayatimiza hayo, na karatasi zikabaki zimewashinda, ndipo warudi wamwite huyo mwalimu wa mbio.