Kazi ya Meli za Watalii: Mkataba Usomwe Kwanza



Upepo wa kaskazi ukishika, meli kubwa za watalii huonekana tena Kilindini. Hukaa siku moja au mbili. Wageni hulakiwa kwa ngoma gatini, hupakiwa katika mabasi kwenda Fort Jesus au Tsavo, na jioni meli hupiga honi ikashika njia ya Zanzibar au Shelisheli. Habari zake hufika hata huku kwetu Kaloleni, maana vijana wengi siku hizi hawataki tena kukwea minazi na kukausha mbata. Wanataka bahari. Hatuwalaumu. Bei ya nazi kila mtu aijua.

Tunaulizwa mara kwa mara: je, kazi ile ni njema? Jibu letu ni kwamba ina fedha yake na ina taabu yake, na yafaa mtu aijue kabla baba yake hajauza mbuzi.

Tuanze na abiria. Yeye katika safari ya kuzunguka dunia, ambayo huchukua miezi mitatu au zaidi, huamka apendapo. Kitanda chake hutandikwa na mwingine. Chakula kiko tayari tangu alfajiri hata usiku, muziki upo, na juu ya sitaha liko bwawa la kuogelea. (Ajabu ya Mungu: mtu kazungukwa na bahari nzima, akataka kuchimbiwa kisima!) Meli ikifika bandarini yeye hushuka, huona, hupiga picha, hurudi kula.

Chini ya sitaha hizo mna mji wa pili, usio na madirisha. Humo wamo wapishi, waosha vyombo, madobi, watumishi wa vyumba na watu wa injini. Hulala wawili au zaidi katika chumba kidogo, kitanda juu ya kitanda. Mtumishi wa vyumba huanza kazi asubuhi na mapema, hupewa nafasi kidogo mchana, kisha hurudi jioni wageni wanapokwenda kula. Saa kumi au kumi na mbili kwa siku ni jambo la kawaida. Jumapili haiko. Iddi haiko. Katikati ya hayo kuna mazoezi ya moto na ya boti za kuokolea, na huko hakuna udhuru. Hivyo hivyo miezi sita, minane, hata tisa, mpaka mkataba uishe.

Wengi hudhani baharia huiona dunia. Kweli huifikia, lakini kuiona ni shauri jingine. Meli haiwezi kuachwa tupu bandarini. Lazima wabaki watu wa kutosha kwa ajili ya hatari, na zamu ndiyo huamua nani ashuke. Aliyepata bahati hupewa saa mbili tatu. Naye haendi Fort Jesus. Hutafuta mahali pa kupeleka fedha nyumbani, sabuni, na intaneti ya kumwona mtoto wake katika simu. Mtu aweza kupita bandari ishirini akajua njia ya duka moja moja tu.

Sheria ipo. Ni Mkataba wa Kazi za Mabaharia, uliopitishwa na Shirika la Kazi Duniani mjini Geneva mwaka 2006. Kenya iliuridhia mwaka 2014. Unaagiza nchi yenye bendera ya meli iweke moja kati ya mambo mawili: ama kazi isizidi saa 14 kwa siku na saa 72 kwa juma, ama mapumziko yasipungue saa 10 kwa siku na saa 77 kwa juma. Fanyeni hesabu wenyewe. Juma lina saa 168; toa 77, zabaki 91. Yaani penye kanuni hii ya pili tajiri aweza kumtumikisha mtu saa 91 kwa juma na asiwe amevunja neno! Hapa Kenya amri ya jumla ya mishahara huhesabu juma la kazi kuwa saa 52.

Tena kuna jambo la bendera. Tajiri yuko Marekani au Ulaya, meli imeandikishwa Bahamas, Panama au Malta, wakala yuko Mombasa, na karatasi ni ya Kiingereza. Ukidhulumiwa, utamshika nani shati?

Februari 2020 meli Diamond Princess ilizuiwa Yokohama kwa ajili ya korona, ikiwa na watu 3,711. Abiria walifungiwa vyumbani ili wasiambukizwe. Lakini chakula kiliwafikiaje? Wafanyakazi, zaidi ya elfu moja, waliendelea kupika na kukipeleka mlango kwa mlango, kisha wakarudi kulala pamoja katika vyumba vyao. Watu 712 waliambukizwa katika meli ile. Na mwaka huo huo, abiria wa meli nyingi walipokwisha kurudishwa kwao, maelfu ya mabaharia walikaa baharini miezi kadhaa kwa kuwa bandari zilifungwa.

Hata hivyo sheria hiyo ina meno mahali pamoja, na hapo ndipo watu wetu wanapoibiwa. Wakala haruhusiwi kumtoza baharia hata senti moja kwa kumtafutia kazi. Baharia hulipa gharama za pasi, kitabu cha baharia na cheti cha afya kinachotakiwa. Viza ni juu ya mwenye meli. Kumrudisha nyumbani mkataba ukiisha pia ni juu ya mwenye meli. Nawe una haki kuusoma mkataba na kutafuta shauri kabla ya kutia sahihi, na kukaa na nakala yako. Basi mtu akija Kaloleni, kavaa shati jeupe, akidai “ada ya nafasi”, huyo si wakala, ni mwizi mwenye kalamu. Wapo waliokwisha uza shamba la minazi kwa ahadi ya namna hiyo, na meli hawakuiona.

Kwa hiyo tunaitaka Kenya Maritime Authority ibandike orodha ya mawakala wenye leseni katika kila ofisi ya chifu kuanzia Mariakani hata Mavueni, kwa Kiswahili, wala isingoje watu waifuate Mombasa. Nauli ya kwenda kuuliza ni fedha pia.

Na ninyi wazazi, mwanenu akipewa karatasi, ileteni ofisini kwetu kabla ya sahihi. Tutaisoma pamoja, mstari kwa mstari: mshahara ni kiasi gani, saa ngapi, miezi mingapi, na nani analipa tikiti ya kurudi. Kuisoma hatutozi kitu.