Nuru ya Alasiri katika Bara ya Omani

Ndugu mwandishi, nimeyasoma kwa furaha maelezo yako ya safari ya gari kutoka Maskati hadi Nizwa, na naafikiana nawe kwamba msafiri asiyeshuka garini hurejea na picha za barabara tu. Walakini juu ya wakati wa kupiga picha naomba ruhusa niongeze neno. Ngome ya Bahla, iliyotiwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 1987, imejengwa kwa matofali ya udongo usiochomwa juu ya misingi ya mawe, na jua la adhuhuri likiipiga, kuta zake huonekana bapa na zilizopauka, hali ya kuwa baada ya alasiri, nuru ijapo kwa ubavu, kila ufa na kila mkunjo wa kandiko hudhihirika. Vivyo hivyo bonde la Wadi Ghul, chini ya Jabal Shams: mchana kina chake chote hupotea pichani kwa kukosa vivuli, kwa hiyo nawasihi wasafiri walale huko huko mlimani, ili waikute nuru ya ubavu jioni na asubuhi.

Limenihuzunisha, hata hivyo, kuona wageni wakiwapiga picha wazee wa sokoni Nizwa pasipo idhini, ilhali maamkizi tu yangetosha. Na wamo miongoni mwa wazee hao wasemao Kiswahili fasaha, ambao jamaa zao walikaa Unguja. Ama Falaj Daris, mfereji wa kale ambao ungali ukinywesha mitende, hukuutaja, nao wastahiki kituo.