Wenye mashine za alizeti wapatane na mteja kabla ya kukamua

Mvua za Dodoma hunyesha kwa msimu mmoja tu, kati ya Desemba na Aprili. Baada ya mavuno, mkulima wa Kongwa au Kondoa hupakia magunia yake ya alizeti, huyapeleka kwenye mashine ya kukamulia na kupanga foleni akisubiri madumu yajae. Mara nyingi kinachofuata ni ugomvi.

Ugomvi huo hufanana kila mwaka. Mkulima anakumbuka kwamba msimu uliopita gunia lilimjazia ndoo ya lita 20, iweje safari hii lisifike? Fundi anamjibu kuwa alizeti yake ni mbovu. Mkulima anaondoka akiamini ameibiwa, na msimu unaofuata haonekani.

Inawezekana kabisa kwamba hakuna aliyeiba. Magunia hayalingani uzito. Mbegu chotara huwa na mafuta mengi kuliko mbegu iliyorudiwa kupandwa miaka nenda rudi. Alizeti yenye mapepe hutoa mafuta kidogo, yenye unyevu hukamulika vibaya, na mashine ambayo haijapata moto huacha mafuta mengi kwenye mashudu.

Aidha, alizeti hupimwa kwa kilo na mafuta kwa lita, ilhali lita moja ya mafuta haifiki kilo moja. Tuseme gunia lina kilo 60 na robo ya uzito huo imetoka mafuta. Hizo ni kilo 15, yaani lita 16 hivi. Asiyeijua hesabu hiyo atadai lita 20 na kuona amedhulumiwa.

Kisha kuna mashudu, ambayo kwa mfano huo ni zaidi ya theluthi mbili ya mzigo. Wafugaji wa kuku na ng'ombe huyanunua, hivyo ni mali. Kwingine mwenye mashine huyachukua kama malipo ya kukamua, kwingine mteja hulipa fedha taslimu na kuondoka nayo. Taratibu zote mbili ni halali iwapo zimesemwa mapema. Kosa ni kumwacha mteja agundue utaratibu wakati mashudu yameshaingizwa stoo.

Wenye mashine wa kanda ya kati wanaweza kumaliza tatizo hili kwa mambo matatu. Kwanza, mzigo upimwe mbele ya mteja kwa mizani iliyokaguliwa na Wakala wa Vipimo. Pili, bei ya kukamua na hatima ya mashudu viandikwe ukutani kwa herufi kubwa. Tatu, kilo zilizoingia na lita zilizotoka ziandikwe kwenye daftari, na mteja apewe nakala.

Wapo watakaosema kuwa foleni ya msimu hairuhusu kupima kila gunia. Lakini kupima huchukua dakika chache, wakati ugomvi mmoja husimamisha foleni nzima. Isitoshe, msimu hupita na mashine hubaki. Wateja wanaoiweka mashine kazini miezi ya baadaye ni wale waliohifadhi alizeti nyumbani na kuikamua kidogo kidogo.

Mkulima naye ana wajibu wake. Aanike alizeti ikauke, aipepete, na aulize masharti kabla ya kushusha mzigo.

Mwaka 2021 Serikali iliiweka Dodoma, pamoja na Singida na Simiyu, katika mikoa ya kuanzia kampeni ya kuongeza uzalishaji wa alizeti. Uzalishaji huo utamfaidi mkulima iwapo ataiamini mashine iliyo jirani naye. Asipoiamini, atauza mbegu ghafi kwa mlanguzi wakati wa mavuno, bei ikiwa chini, kisha arudi dukani kununua mafuta kwa bei ya juu.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Hata wateja hupotea hivyo hivyo.