Miaka 17 si mtu mzima

Mhariri,

Wengi wetu tunaoishi Marekani hudhani kila mtoto tunayemlisha anahesabika serikali inaporudishia familia fedha za kodi. Sivyo. Mwaka 2008 nyongeza ya dola 300 iliwahusu watoto walio chini ya miaka 17 tu. Mwaka 2020 zikaja dola 500, kisha 600, kwa kipimo kilekile. Mwanangu alikuwa na miaka 17, yuko sekondari, na viatu namnunulia mimi (miguu yake haikomi kukua!). Sikupata senti kwa ajili yake. Naye hakuweza kudai, kwa kuwa nilimwandika mtegemezi wangu.

Machi 2021 sheria iliwakumbuka wategemezi wote, dola 1,400 kila mmoja, hata bibi anayetunzwa na wanawe. Lakini hiyo ilikuwa mara moja. Nafuu ya kodi ya kila mwaka kwa mtoto ilirudia mpaka wa zamani, na umri hupimwa Desemba 31: aliyezaliwa Krismasi hukosa mwaka ambao mwenzake wa Januari, aliyezaliwa siku chache tu baada yake, anaupata. Wabunge wetu watueleze kwa nini tumbo la mwanafunzi lipimwe kwa kalenda.

Mama wa watatu,
Columbus, Ohio