Sumaku Ipo, Sheria Ipo, Utashi Je?
Makamanda, mchicha wa Bonde la Msimbazi tunaula Dar nzima, na mto uleule unapokea majitaka ya viwanda. Njia ya kuyasafisha ipo: unga wa magnetaiti, yaani oksidi ya chuma, unatiwa majini, madini ya risasi na kromiamu yananata juu yake, kisha sumaku inauvuta wote. Ukioshwa, unatumika tena.

Sheria nayo ipo. Kwenye kesi ya Festo Balegele ya 1991, Mahakama Kuu ilisema kutupa taka Kunduchi Mtongani kunahatarisha haki ya kuishi, ibara ya 14. Sheria ya Mazingira ya 2004 inataka mchafuzi alipe.

Sasa NEMC, mnasubiri nini? Kila kiwanda kisafishe kabla ya kumwaga, na vipimo vibandikwe hadharani. Afya ya mlalahoi siyo hisani.