Minus 4 Haifutwi kwa Msimbazi, Bosi!

Kuna mtangazaji mmoja wa redio hapa Dar, jina kapuni, ila sauti yake ukiisikia asubuhi kwenye daladala utamjua bila kuambiwa. Jamaa ana ligi yake ya Fantasy Premier League. Watu 40, grupu moja la WhatsApp, kila mtu alitoa elfu 20 mwezi Agosti. Piga hesabu: laki 8. Bingwa anabeba laki 5, wa pili laki 2, wa tatu laki moja. Humo ndani kuna wasanii wawili wanaotrendi, meneja wao, bosi mmoja anayeagiza magari Japani, halafu kuna watu wa kawaida kabisa walioingia kwa sababu mtangazaji alitangaza nafasi Instagram. Mmoja wa hao wa kawaida ni dada fundi simu wa Kariakoo. Na dada huyo ndiye anayeongoza ligi. Noma ilianzia hapo.

Januari hii mtangazaji, ambaye pia ndiye admini, akatupia tangazo usiku: kuanzia sasa kuna kitu kinaitwa kifuta minus. Ukilipa msimbazi mmoja, minus 4 yako moja inafutwa kwenye jedwali analotunza yeye. Na si za mbele tu, hata za nyuma, kuanzia Agosti. Kufikia asubuhi bosi wa magari alikuwa ameshatuma laki na elfu 40. Minus 14 zikafutwa, pointi 56 zikarudi. Kwenye aplikesheni dada wa Kariakoo anaongoza kwa pointi 31. Kwenye jedwali la admini bosi anaongoza kwa 25.

Soma tena hiyo hesabu taratibu. Mtu ametoa laki na elfu 40 ili ajisogeze kwenye laki 5 ambayo alikuwa haipati. Huo si mchezo tena, ni mchongo.

Kwa wasiocheza: Fantasy inampa kila mtu pauni milioni 100 za kufikirika. Uwe na ghorofa Masaki au chumba kimoja Mbagala, milioni 100 ni milioni 100. Kwa hela hiyo unasajili watu 15: makipa wawili, mabeki watano, viungo watano, washambuliaji watatu, na hairuhusiwi kuchukua zaidi ya watatu kutoka klabu moja. Mwanzoni mwa msimu wa 2025/26 Salah aliuzwa milioni 14.5 na Haaland 14. Ukiwataka wote wawili, hizo ni 28.5 zimekwenda, umebaki na 71.5 za watu 13. Wastani wa 5.5 kwa kichwa. Hapo ndipo utamu wote ulipo! Lazima umjue beki wa milioni 4 anayeanza kila wiki, lazima ukubali kuwa na mtu benchini ambaye hata mama yake hajui kama anacheza.

Kila wiki unapewa usajili mmoja wa bure, usipoutumia unaweza kuutunza mpaka ufikishe mitano. Ukitaka kuzidisha, kila mchezaji wa ziada anakukata pointi 4. Pointi 4 ni nyingi. Ni bao zima la mshambuliaji. Kwa hiyo bosi wa magari, kwa elfu 10 kila moja, amenunua mabao 14 ambayo hakuna mtu aliyeyafunga.

Na minus zenyewe alizipataje? Kwa pupa. Wanaomjua kwenye grupu wanasema Ijumaa usiku akisikia tetesi mchezaji fulani ana nyama za paja, anauza watatu kwa mpigo. Jumapili anawataka tena. Sasa Fantasy ina ujanja wake kwa watu wa namna hiyo: ukimnunua mchezaji kwa 7.0 akapanda hadi 7.4, ukimuuza unapata 7.2, faida inakatwa nusu. Ukimtaka tena unamlipia 7.4 kamili. Yaani sheria zimetengenezwa zimuumize mtu asiye na subira, na zinamuumiza popote alipo, Dar au Manchester.

Dada wa Kariakoo msimu mzima amekula minus mbili tu. Nane. Hajalipa kuzifuta na hakuombwa radhi na mtu. Kosa lake ni kuuliza kwenye grupu, kwa adabu kabisa, hiyo hela ya kifuta minus inakwenda wapi. Akajibiwa kwamba inaingia mfuko wa nyama choma ya kufunga msimu. Alipouliza mara ya pili, akaambiwa kama hataki mlango uko wazi. Huyu ni mtu aliyelipa elfu 20 kama wengine, anaongoza, anaambiwa atoke. Mtangazaji huyohuyo asubuhi anatoa somo hewani kuhusu kuwapa vijana fursa.

Wapo waliomtetea. Meneja wa wasanii kasema ligi ni ya binafsi, mwenye ligi ana haki ya kupanga utaratibu wake. Hapo kuna ukweli. Watu wanaweza kukubaliana chochote: anayeshika mkia avae jezi ya mtani wake, anayesahau kupanga kikosi alipe soda. Lakini hayo mnakubaliana Agosti, kabla mtu hajamchagua hata kipa. Ukija Januari, jedwali likiwa limeshasema nani mkali, ukaleta bei ya kubadilisha jedwali, huo utaratibu una mwenyewe. Wenzake 39 hawakupigiwa hata kura ya WhatsApp, ile ya kubonyeza kidole tu.

Msanii mmoja naye kaingilia, eti watu wasichukulie siriasi, ni burudani. Huyu timu yake ina kapteni majeruhi tangu Oktoba. Tumuache.

Utetezi wenye nguvu kidogo ni ule wa kwamba kwenye soka la kweli hela ndiyo inayoongea, kwa nini Fantasy ijifanye tofauti? Sawa, klabu za Uingereza hazilingani bajeti hata kidogo. Lakini hata huko kuna mpaka. Machi 2024 Nottingham Forest walikatwa pointi 4 kwa kuvuka kiwango cha hasara kinachoruhusiwa. Nne, zilezile! Walikata rufaa, ikagonga mwamba. Hakuna aliyewaambia walete pesa kidogo zirudishwe.

Na ukiondoa ukomo, Fantasy inabaki na nini? Msimu wa 2023/24 mchezaji aliyemaliza na pointi nyingi kuliko wote alikuwa Cole Palmer, 244, na alianza msimu akiuzwa milioni 5. Uliofuata Chris Wood wa Forest alianza na 6 akafunga mabao 20. Watu waliowaona mapema hao hawakuwa na hela zaidi, walikuwa na macho. Mwenye kibanda cha simu anayetazama mechi huku anabadilisha vioo ana nafasi sawa na mwenye skrini ya inchi 85. Ni sehemu chache sana mjini hapa ambapo hilo linatokea, na mtangazaji ameiwekea kaunta ya malipo.

Inayofuata inachekesha kabisa. Kwenye grupu kumeshaanza kujadiliwa mchezaji wa 16: ulipe elfu 15 kwa wiki, admini akuhesabie pointi za mtu mmoja ambaye hayumo kwenye kikosi chako. Haijalishi ana bei gani. Haijalishi kama ni wa nne kutoka klabu ileile. Aliyeleta wazo ni bosi wa magari, na wa kwanza kuweka dole gumba ni admini. Wakipitisha hiyo, wafute tu na jina la Fantasy, waite mnada.

Kinachotakiwa si kigumu. Admini arudishe laki na elfu 40 kwa bosi, afute jedwali lake, zawadi zitoke kwa pointi za kwenye aplikesheni ambazo kila mtu anaziona. Nyama choma wachangishane kivyake, itapatikana tu.

Mpaka jana usiku alikuwa hajajibu. Dada wa Kariakoo hajatoka kwenye grupu. Jumamosi dedilaini ni saa 8 mchana, ana usajili wa bure mitatu ameutunza na milioni 0.4 benki.