Mashine ya Kunyolea Yarithiwa, Wembe Haurithiwi

Askari hupimwa kwanza kwa uso wake. Kabla mkaguzi hajatazama bunduki wala viatu, macho yake yamekwisha kupita kidevuni. Kwa hiyo twaona yafaa leo kuwakumbusha ndugu zetu wanajeshi na polisi juu ya kifaa kilichosahauliwa masandukuni mwa wazee: mashine ya kunyolea ya chuma, itiwayo wembe wa makali mawili.

Kifaa hiki kina undugu wa zamani na jeshi. King Camp Gillette wa Marekani alianza kukiuza mwaka 1903, na mwaka huo zilinunuliwa mashine 51 tu. Vita Kuu vya Kwanza ndivyo vilivyokieneza. Barakoa ya kuzuia hewa ya sumu haishiki sawasawa juu ya ndevu, na serikali ya Marekani iliwaagizia wapiganaji wake mashine milioni 3.5. Waliporudi makwao, walirudi na desturi ya kujinyoa wenyewe kila asubuhi.

Basi ikiwa katika ukoo wenu alikuwamo mzee aliyetumikia King's African Rifles hadi Burma, tazameni sandukuni mwake kabla ya kuuza vyuma chakavu. Na askari wa upelelezi atafurahi kujua kwamba Gillette nyingi za Marekani za tangu miaka ya 1950 zina herufi na tarakimu chini ya kichwa: herufi yaonyesha mwaka, tarakimu yaonyesha robo yake. A1 ni miezi mitatu ya kwanza ya mwaka 1955.

Kuifufua si kazi ngumu. Ioshe kwa maji ya vuguvugu, sabuni na mswaki wa zamani. Penye chokaa, tia siki kidogo kwa dakika chache, kisha suuza na kukausha. Usiisugue kwa mchanga wala kwa waya, kwa maana rangi ya madini iliyopakwa juu ni nyembamba. Ikiwa kichwa kimepinda, iwekwe iwe kumbukumbu tu.

Nyembe za makali mawili za siku hizi huingia hata katika Gillette za mwanzo. Lakini aina nyingine, kama Rolls Razor ya Uingereza, zilikuwa na wembe wa namna yake. Tafuta wembe kwanza, ndipo ununue mashine. Bunduki isiyo na risasi ni gongo tu.

Wapo wasemao kwamba mashine za plastiki ni nyepesi safarini. Hatubishi. Lakini hizo hutupwa na mpini wake, na mpini wa chuma hudumu vizazi vitatu.

Hata hivyo, liko jambo tusilolifanyia mzaha. Kambini watu huazimana sabuni, kioo na hata kanzu ya mvua. Wembe usiazimwe kamwe, hata kwa rafiki wa handaki moja. Virusi vya Ukimwi na homa ya ini aina ya B vyaweza kupita katika damu isiyoonekana kwa macho. Wembe uliokwisha kazi utiwe katika kopo lililofungwa, usitupwe majanini ambako watoto wa kambi hupita bila viatu.

Heshima ya mzee ni kutunza chuma chake. Heshima ya mwenzako ni kutomwazima makali yako.